Umeruka Pale pa Mto

Gervas, Mngoni wewe,

Kamwene. Najua hata ungekuwa hai usingenijibu hivyo. Ungesema "monile" yenu ya Kingoni kwa makusudi. Miaka yote umekaa kwetu Mahongole, umeoa kwetu, umekula viazi vyetu ukanenepa, ila salamu yetu ilikushinda. Haya, monile basi. Leo nimekuachia, usizoee.

Naandika kwa penseli ya fundi seremala, kwa hiyo herufi ni nene kama kuni. Mwandiko wangu unaujua, wewe ndo ulisema kuku kapita kwenye majivu. Kisomo cha watu wazima nilienda wiki tatu, nikaona mwalimu ananichelewesha, nikaacha. Vumilia. Wewe muda unao huko.

Nimechoka, mtani. Siyo uchovu wa jembe, ule nalala unaisha. Huu naamka nao. Navaa koti, naenda mpaka barabarani kule kwangu Kichiwa, naangalia malori yanavyopita kwenda Makambako, narudi. Basi, siku imeisha. Magoti yananiuma, mvua haikatiki, ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Na tangu tukuzike mpaka juzi sikusimulia kitu. Mimi! Kule kilabuni wameninunulia ulanzi wakasema, "Mzee Sadoki, anza ile ya kiboko." Nikawaambia koo linauma. Nikanywa ulanzi wao nikaondoka. Ulanzi nao siwezi kuuacha, si umeshalipiwa.

Nina mambo matatu ya kukwambia, na la kwanza ni aibu.

Siku ya mazishi yako watu wote walikuwa wananiangalia mimi. Mtani wako nani mwingine pale? Ilikuwa niingie kaburini nilale, niseme sitoki, huyu Mngoni hazikwi mpaka nipewe jogoo. Ilikuwa niwaambie watu kwamba babu zenu walitembea kwa miguu kutoka kusini kabisa, wakafika Songea wakasahau walikuwa wanafuata nini. Nilikuwa nimeyapanga yote njiani, kwenye bodaboda, namwambia yule dereva naye anacheka mpaka nikaogopa tutaanguka. Nikafika pale ukingoni, nikaona lile sanduku, Gervas, jinsi lilivyokuwa jembamba. Mdomo ukagoma. Katekista akakohoa mara mbili kunikumbusha. Nikasimama tu na koleo kama mti. Wakakushusha kimya kimya kama mtu asiyekuwa na mtani duniani. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu ananong'ona, "Sadoki leo kaishiwa." Kweli niliishiwa.

La pili ni lile la Njombe, hospitali. Ile mara ya mwisho nilivyokuja kukuona. Hukuwa unakula tena. Mkeo Mama Anjela kaleta uji kwenye chupa, umeusukuma. Ukaniambia, "Nipe ya Kapiri." Nikaanza. Ila nilikuwa nimesafiri kwenye baridi toka alfajiri, nimechoka, nesi naye anatuangalia kwa jicho la kututoa nje, nikaifupisha. Tumetoka Makambako, tumevuka mpaka, tumefika Kapiri, tumekula, tumerudi. Ukafumbua jicho moja ukasema, "Umeruka pale pa mto." Nikasema, "Mtani, mto si upo tu, nitakuja nao kesho." Ukasema tena, "Umeruka pale pa mto, Sadoki." Nikamwangalia mkeo, akatikisa kichwa. Tukadhani ni homa inasema.

Kesho hiyo mto sikuuleta.

La tatu ndo la Krismasi. Hili linataka nikae vizuri.

Kwanza tuseme ukweli, maana huwezi tena kunicheka usoni. Lile lori la viazi la kwenda Kapiri, dereva alikuwa wewe. Mimi nilikuwa utingo. Nilikuwa naweka kigogo nyuma ya tairi kwenye mlima. Ila Kichiwa nzima mpaka Makambako stendi wanajua dereva Sadoki, na wewe hukuwahi kunikatalia mbele za watu. Ulikuwa unasema tu, "Muongo," kwa sauti ya chini, na unacheka na tumbo.

Na wanajua pia kwamba kupika chikanda nilikufundisha mimi.

Unaikumbuka ile siku ya kwanza, Kapiri Mposhi sokoni? Njaa inatuua. Yule mama, BanaMutale, ana kitu kwenye sufuria cha rangi ya kahawia, kizito, anakikata vipande kama nyama ya kopo. Nikala sita. Laini, kina pilipili, kina mafuta ya karanga, ukikibonyeza kinarudi. Nikakwambia hii ni soseji ya kiboko, Wazambia wana akili sana. Wewe hukubishana. Ulienda ukachuchumaa karibu na yule mama, mkaongea nusu Kiswahili nusu mikono, akafungua gunia akakuonyesha chikanda inatokana na nini. Vimizizi vidogo, vikavu, kama vidole vya mtoto. Akacheka mpaka akashika ubavu. Vinatoka kwetu! Vile vya kwenye nyasi mbichi za mabondeni, ambavyo bibi zetu walikuwa wanavitupa wakilima. Vinachimbwa Makete, vinachimbwa huku kwetu Njombe, vinapanda gari vinavuka mpaka, na mimi Mbena mzima nimevifuata nchi za watu. Ukaniambia, "Sadoki, umesafiri siku tano kuja kula shamba la mama yako." Sikuongea na wewe mpaka Mpika, njiani kurudi.

Ila nilivyofika nyumbani niliwaambia nimekula kiboko. Ningefanyaje?

Wewe ukarudi kwa BanaMutale safari ya pili, na ya tatu, ukajifunza. Ukaacha lori, ukajenga Mahongole, na kila Krismasi ikawa hivyo. Wanawake wote nje ya jiko, siku moja kwa mwaka, hata mama mkwe. Mlango unafungwa. Ndani mimi na wewe, na ile sufuria nzito, na moto. Watu wananusa kutoka uani. Baadaye mlango unafunguliwa, mimi natoka mbele nasema, "Mwanafunzi kajitahidi." Wewe unatoka nyuma na sufuria, jasho linakutoka, unasema, "Mwalimu kanisimamia." Wanapiga makofi. Wananipa mimi kipande cha kwanza.

Mwalimu! Humo ndani sikuwahi hata kushika mwiko. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda napiga domo.

Sasa mwaka huu. Nimetoka kanisani kwetu, nikachukua bodaboda mpaka Mahongole, nimelowa, nimebeba tenga la viazi ili nisionekane nimefuata kula. Anjela wako kaja kutoka Dodoma na watoto. Ndugu zake wa Igwachanya nao wapo, jumla tulikuwa kumi na moja. Nikadhani tutakula pilau, tutasali, nitasinzia kidogo kwenye kiti chako, nitaondoka. Mama Anjela akatoka chumbani na kile kimfuko. Kile ulichokuwa unakining'iniza juu ya moshi. Unga wako wa chikanda, ulioutwanga mwenyewe kabla mikono haijaanza kutetemeka. Akaniwekea mapajani kama mtoto mchanga. Akasema, "Shemeji, ndo wa mwisho huu. Hakuna mwingine anayejua. Yeye siku zote alisema wewe ndo uliyemfundisha."

Gervas, mbona uliniachia mtego wa namna hii?

Ningesema pale pale, "Sijui." Neno moja. Lakini watoto wameshakaa mkao wa kula, na Anjela kashatoa simu anasema atatafuta humo, kuna mama wa Lusaka anaonyesha anavyopima kwa vikombe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Zima simu, mwanangu. Mwalimu nipo." Huo mdomo ulionyamaza kaburini, siku hiyo ndo ukaona ni siku ya kuongea.

Nikafunga mlango. Peke yangu. Kile kigoda changu kitupu, chako kitupu. Nikachota unga nusu. Mtu atasema ilikuwa busara, kumbe woga. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikatia magadi mengi maana nilikumbuka magadi yapo mahali fulani, nikamwaga ile nusu yote kwa mpigo, nikakumbuka karanga, nikatia karanga. Nikakoroga. Ikawa mabonge. Nikakoroga zaidi, ikawa gundi. Nikaonja, ikaniuma ulimi kama sabuni. Nusu ya kazi ya mikono yako ilikuwa mle ndani, Gervas, na mimi nimeigeuza kitu cha kubandikia matangazo. Nikakaa chini. Siyo kwenye kigoda, chini kwenye majivu, na suti yangu ya kanisani.

Walinikuta hapo. Mama Anjela alifungua mlango mwenyewe, akachungulia sufuria, akanichungulia mimi. Nikasema. Nikasema yote mbele ya watu kumi. Sijui kupika. Sikumfundisha. Sikuwa dereva. Kiboko sikumla, hata kumpiga sikumpiga, nilimwona kwa mbali nikapanda juu ya viazi. Na kaburini niliishiwa.

Kajukuu kako kakauliza, "Kwa hiyo kiboko hakufa?"

Mama Anjela akaketi kwenye kigoda chako. Unajua anavyokaa akiwa na hasira, anafunga khanga kwanza. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Shemeji, miaka yote hiyo mlango umefungwa, mlikuwa mnafanya nini humu?"

Nikasema, "Mimi nilikuwa nasimulia."

"Na yeye?"

"Anakoroga."

Akaangalia mfuko. Umebaki nusu. Akachukua mwiko. "Basi wewe simulia. Mimi nakoroga."

Mtani, nilikuwa nimechoka. Nikaanza tu ili yaishe. Tumetoka Makambako, tumefika Tunduma... Akanikata, "Kwa kasi hiyo hata uji hauivi. Simulia kama unavyomsimulia yeye." Sasa nikarudi nyuma. Nikaanza Makambako njia panda, asubuhi, baridi, viazi vinatoa mvuke kwenye magunia, dereva wa lori la mbao ananitukana na mimi namrudishia. Nikawa naangalia moto huku naongea, na nikakuona ulivyokuwa unafanya. Hapo Makambako ulikuwa unakoroga karanga tu, kwenye maji yanayochemka. Nikamwambia, karanga. Akatia.

Nikafika Tunduma, pale ofisa wa mpaka anapouliza nani dereva na mimi nanyoosha kifua. Hapo ulikuwa unasema "muongo," na mkono wako unaingia kwenye mfuko. Konzi moja ya unga. Nasema ofisa kanipigia saluti. Muongo, konzi ya pili. Nasema kaniomba nimuoe dada yake. Muongo, konzi ya tatu. Kumbe, Mngoni mshenzi wewe, ulikuwa unanipimia unga kwa uongo wangu! Nikamwambia Mama Anjela, "Kila uongo, konzi moja." Watoto wakaanza kupiga kelele wao, "Muongo! Muongo!" na yeye anatia, kidogo kidogo, na hakuna bonge hata moja.

Nikaenda mpaka springi ilipokatika, tukalala chini ya lori siku mbili. Anakoroga. Inakuwa nzito, anahema. Nikafika Chambeshi, mtoni, kiboko kasimama katikati ya barabara, mimi nimeshuka na kigogo cha tairi mkononi.

Nikanyamaza.

Sikutaka kunyamaza. Ni mazoea. Kila mwaka, hapo hapo, ulikuwa unaninyooshea mkono unasema, "Ngoja kidogo hapo." Unasimama, unaenda kwenye ile rafu, nyuma ya koroboi. Mimi nilikuwa naudhika. Nilikuwa nadhani unaenda kucheka pembeni, kwamba kiboko wangu humwamini. Nikanyanyuka na magoti yangu haya, nikaenda kwenye rafu, nikapapasa nyuma ya koroboi. Kichupa. Magadi, na kijiko chake cha chai ndani, kimekatwa mpini ili kitoshe.

Umeruka pale pa mto.

Haikuwa homa, Gervas. Ulikuwa unanipa. Umelala pale Njombe huwezi kumeza uji, unanirithisha sufuria, na mimi nafikiria basi la kurudia.

Anjela atawaambia watu kwamba nililia. Muongo. Kuni zilikuwa mbichi, na mvua hii.

Kijiko kimoja. Nikampa Mama Anjela akatia. Ikafura, ikabadilika rangi palepale, ikaanza kuvutana vile inavyovutana. Akaniangalia, akasema taratibu, "Endelea, shemeji, kiboko anasubiri." Nikampiga yule kiboko, Gervas. Kwa miaka yote sijawahi kumpiga vile. Alilia, akaomba msamaha, akasukuma lori mpaka ng'ambo. Tukafika Kapiri, BanaMutale kashika ubavu anacheka, na hapo ndo pa kufunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Nikakumbuka kwa sababu hapo ulikuwa huchangii kucheka, umeinama na koleo la makaa.

Tukaiacha ipoe. Watoto walikaa wameizunguka kama wanalinda benki. Mama Anjela akaipindua kwenye sinia, ikatoka nzima, ikatikisika, ikatulia. Akakata kipande cha kwanza akaninyooshea mimi. Nikakataa. Usishangae, hata mimi nilishangaa. Nikamwambia ale yeye, yeye ndo kakoroga. Akala. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu, amefumba macho. Halafu akaanza kucheka, Gervas, kile kicheko chake cha zamani cha kupiga paja, ambacho hatujakisikia tangu ulazwe. Akasema, "Mwanaume huyu! Miaka yote ananitoa jikoni kwangu kumbe alikuwa anaficha kijiko cha chai."

Siyo kama yako. Kingo ziliungua na pilipili ilizidi, mkeo ana mkono mzito. Lakini ukiibonyeza inarudi. Nilikula vipande sita. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikavikata vidogo vidogo ili visiishe, na kwa muda kidogo nilikuwa pale sokoni, viatu vina vumbi, na wewe umechuchumaa unaongea kwa mikono. Utamu wa kile kitu, mtani. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina utamu. Mwaka mzima nimekuwa namwaga tu tumboni kama mtu anajaza mafuta gari.

Sasa ni asubuhi yake, naandika kwenye meza yako, wengine bado wamelala. Uchovu bado upo, nisikudanganye. Ila leo unakaa pembeni, haujanikalia kifuani. Hapa chini kuna jogoo kafungwa mguu, ananiangalia kwa dharau kama yako. Mama Anjela kanipa jana jioni, kasema ni haki yangu ya mazishi. Ngoja watu waamke. Nitaenda nao huko nyuma kwenye miparachichi, nitalala kwenye kaburi lako na suti yangu yenye majivu, na nitayasema yale yote niliyoyapanga kwenye bodaboda. Babu zenu, Songea, yote. Utanivumilia. Umechelewa kuyasikia kwa sababu yangu.

Unga umeisha. Mvua zikikatika nitachimba vimizizi kidogo kando ya kinyungu changu, kishamba cha bondeni kule Kichiwa, vikubwa tu, vidogo nitavifukia vikue. Nitavikausha juu ya moshi. Na Anjela nimemwambia arudi mwakani na watoto, simu aje nayo au asije nayo, mimi sijali, ila akae kwenye kigoda. Nitamsimulia yote, uongo wote, sitaruka hata mmoja, mpaka aijue kwa moyo. Hilo nakuahidi, na safari hii kesho yangu ni kesho kweli.

Lala, Mngoni. Sanduku lilikuwa jembamba lakini nasikia udongo wetu ni laini.

Krismasi ijayo nikifika mtoni nitanyamaza kidogo, kama tulivyozoea. Ukipata nafasi, tia magadi.

Mtani wako,
Sadoki, utingo